Kuku wa Bibi

Nilikuwa dukani kwa muuza nafaka pale Shelui. Nje vijana walikuwa wakipakia mahindi kwenye lori. Bibi mmoja akaingia na ndoo.

"Shikamoo, bibi," muuzaji akamwamkia.

"Marahaba. Nipimie mahindi, mwanangu."

"Yameisha. Yale ya kwenye lori yanakwenda kusagwa chakula cha kuku."

"Kuku wa wapi?"

"Wa mjini, bibi. Wale wa kisasa."

Bibi akalitazama lori, kisha akaonyesha gunia la pumba. "Basi nipimie hizo."

"Za kuku wako?"

"Ndiyo. Za kuku wangu."

Kabla hajapimiwa akachota kidogo kwa vidole, akapuliza, akaweka ulimini na kutafuna taratibu, kama tunavyoonja unga wa ugali huku kwetu. Muuzaji akainamisha uso, akaijaza ndoo mpaka ikafurika.

Wataalamu wanatuhimiza tupunguze nyama ili chakula kitoshe duniani. Wako sahihi. Ila wasihangaike kumshauri bibi huyu. Waje kwetu tunaokula mahindi yake yakishageuka kuku. Na hao kuku wake wa nyumbani, nina hakika, wanamwita bibi.