Mujikulu wangu na habari ya chini ya meza

Ile simu yenye ililia ku televizyo leo asubui, ni mimi njo nilipiga. Na siombi pardon!

Masasi ya bunduki ilikuwa inalia hapa Naviundu mpaka sahani zinatetemeka.

Mujikulu wangu Solange, mutoto wa mutoto wangu, mutangazaji, anatokea na rouge yake ku midomo: "Muji iko mutulivu. Muende ku kazi."

Masasi ikalia na kwabo ku televizyo.

Solange akapotea. Kukabakia kiti na maua ya plastiki.

Nikakamata simu. Nikapiga.

"Solange, uko muzima?"

"Kambo, niko chini ya meza! Usitoke!"

Mikro yake ilibakia wazi: muji yote ikasikia, ikafunga milango.

Sasa mukubwa wake anataka kumufukuza, ati aliogopesha bantu.

Kumbe ule mukubwa njo alitangulia chini ya ile meza, Solange alimukuta pale! Mwenye kubisha aandike hapa.