Jike Niliyemrudisha Pangoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya ngozi. Nilikuwa nimetoka chuo cha uvuvi, binti wa Kasokola, kijiji cha karibu na Mpanda, ambaye wazazi wake walilima mahindi na karanga, na nilidhani afisa uvuvi ni mtu wa kukaa mezani. Afisa Uvuvi wa Wilaya, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, alivitazama vile viatu, akaniambia nivivue, akanikabidhi miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia. Kituo chetu kilikuwa pwani ya kusini. Kazi yangu ilikuwa kufuatana na wazamiaji wa kujifurahisha, walimu, madaktari na watu wa benki, waliokuja Jumamosi kukamata kamba kochi, yule kamba mkubwa mwenye gamba la miiba na sharubu ndefu kuliko mwili. Wote waliniita Bwana Samaki. Ndilo jina la kazi, na hawakuwa na jingine la kumpa mwanamke.

Aliyenifundisha kuzamia ni Bakari, dereva wa boti yetu. Alianza na masikio: ukishuka, maji yanakubana, basi unabana pua na kupuliza taratibu mpaka masikio yafunguke. Nililia wiki nzima. Wiki ya pili niliona matumbawe kwa mara ya kwanza bila maumivu, na sikutaka kupanda juu.

Nyie vijana mnaoniuliza sheria zetu zilikuwaje, nitawaeleza. Mitungi ya hewa ilikatazwa. Ulishuka kwa pumzi yako mwenyewe. Mkuki nao hapana. Ulitumia mkono wenye glovu, au ufito wenye kitanzi. Kila kamba alipimwa gamba la mgongo palepale majini, kwa kipimo cha chuma tulichofunga kiunoni, na mdogo alirudi. Jike mwenye mayai, yale yanayoganda chini ya mkia yamesongamana kama ulezi, alirudi hata angekuwa mkubwa namna gani.

Halafu kulikuwa na adabu, ambazo hazikuandikwa popote. Aliyeliona pango kwanza ndiye mwenye pango. Ukimkosa kamba mara mbili, unamwacha apumzike. Humvuti sharubu, zinakatika. Na anayerudishwa anapelekwa mpaka kwenye tundu lake. Ukimtupa kutoka juu, samaki wanamla kabla hajafika chini. Bakari aliweza kumkemea daktari bingwa kwa jambo hilo, na daktari akaomba radhi.

Nilikaa kule miaka kumi na moja. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Jumamosi moja Afisa Uvuvi alikuja na mgeni wake, mtu mwenye cheo kikubwa, na heshima zote zikawa zake. Mgeni alijua kuzamia. Alipanda na jike zito ajabu, akalitupa ndani ya boti bila kupima. Nililigeuza. Mkia wote ulikuwa na mayai.

Nilimwambia kwa upole kwamba huyu anarudi. Alicheka, akasema ni mmoja tu na bahari ni kubwa. Nilimtazama mzee wangu. Alikuwa akiangalia kamba ya nanga kana kwamba ina fundo. Bakari alizima injini bila kuambiwa.

Basi nilivaa miwani, nikamshika yule jike mgongoni, nikashuka naye mpaka pangoni. Aliingia kinyumenyume, sharubu zikabaki nje. Nilipopanda, Bakari aliwasha injini, tukarudi nchi kavu.

Jumatatu mzee aliniita ofisini. Hakunikaribisha kukaa, naye hakukaa.

"Anastazia, ulifanya kazi niliyokufundisha," alisema. "Mimi ndiye sikuifanya."

Nikamuuliza kama nimekosea.

"Hapana. Lakini barua ya uhamisho imeshakuja, na mimi ndiye wa kuisaini."

Aliisaini huku ameinamisha kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilishindwa.

Nilipangiwa Mpanda. Ndugu zangu walifurahi, walidhani nimeomba kurudi nyumbani. Kazi ikawa mabwawa ya samaki, perege na kambale, kwa wakulima wa Mishamo, makazi ya watu waliotoka Burundi. Nilikwenda kwa pikipiki, nikawafundisha kuweka mbolea bwawani na kuvuna bila kumaliza vifaranga. Walikuwa watu wema, wasikivu, na mabwawa yao yalistawi. Siku moja mama mwenye bwawa alinikuta nimelala kifudifudi ukingoni, mkono umezama mpaka begani kwenye yale maji ya tope. Akaniuliza kwa Kiswahili chake chenye Kirundi natafuta nini. Nilimwambia napima joto la maji.

Nimestaafu sasa, naishi Misunkumilo, palepale Mpanda, nalima. Maafisa vijana wakinitembelea huniuliza kama najuta. Sijuti. Ningemrudisha hata leo. Ila kutojuta hakujanipunguzia hamu, na hilo hakuna aliyenionya mapema.

Bakari hunipigia simu kila Idi. Idi iliyopita alisema kifua kimekataa, hazamii tena, anakaa kwenye boti na kuwaangalia wengine. Nikamuuliza kama wanapima. Akasema wanapima, na bwana samaki wa sasa ni mkali.

"Maji leo meupe, dada," akasema. "Unaona mpaka chini. Utakuja lini?"

Nilimjibu nikishavuna mahindi. Nimemjibu hivyo miaka mingi, na hajawahi kunicheka. Alikuwa botini, maana nilisikia maji yakipiga ubavuni. Hakuna aliyekata simu, mpaka dakika zake zikaisha.