Mvua Ina Mizani Tatu

Barua ilikuwa na sentensi moja: afike ofisi ya Mwalimu wa ushairi saa nane mchana, aje na shairi lake. Mama Taipu aliisoma mara nne akitafuta kilichofichwa ndani. Anayekuita kwa wema angetaja sababu.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Kwa miaka ishirini na miwili yeye na mdogo wake walikuwa na duka la kuchapa kazi mbele ya lango la chuo. Alichapa tasnifu za sheria, za mifugo, za maji taka, lakini mashairi ndiyo yaliyomnasa. Alipotimiza miaka arobaini na tisa, watoto wakiwa wameshahama nyumbani, akamwachia mdogo wake duka, akavuka barabara na kujiandikisha kusoma ushairi. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho, na shairi lake la kuhitimu lilisubiri saini moja tu.

Mwalimu alifunga mlango. Siku zote mlango ule huachwa wazi kwa ajili ya joto, na hilo nalo Mama Taipu akaliweka akilini.

"Kaa, mama. Nisomee ubeti wa tatu, mstari wa kwanza."

"Mvua yaomba pango, nayo imechoka nje."

"Kipande cha kwanza, rudia."

"Mvua yaomba pango."

Mwalimu alivuta kitabu chenye jalada jeusi. Ilikuwa diwani yake mwenyewe, aliyoiandika alipokuwa mwanafunzi hapo hapo, miaka kumi na mmoja nyuma. Akakigeuza, akaweka kidole: *Mvua yaomba pango, nami nimelala chini.*

"Nani alinichapia hii?"

"Mimi, Mwalimu."

"Basi umemaliza kazi yangu. Ijumaa nakupeleka kwenye kamati. Sisemi ulikusudia. Ukishika maneno ya watu miaka yote hiyo, mengine yanakuganda mikononi. Lakini wizi ni wizi, na anayeiba shairi hahitimu."

Mama Taipu alikuwa na jibu, ila lilikuwa baya kuliko kimya. Akakunja karatasi zake, akaaga, akatoka.

Dukani, mdogo wake aliacha kuchapa. "Mbona uso hivyo, dada? Wamekufelisha?"

"Anasema nimemwibia mstari. Na mstari ni wangu. Nilimtilia mimi."

"Ulimtilia?"

"Alikuwa hahesabu m ya mvua."

"M ya nini?"

"Ya mvua! M, vu, a. Mizani tatu. Yeye aliona mbili, mvu, a. Kila penye mvua, au mtu, au mji, kipande kinazidi nane. Aliandika 'Mvua yapiga milango.' Hesabu."

Mdogo wake alihesabu kwa vidole mpaka kikabaki kimoja. "Tisa. Si ungemwachia tisa zake?"

"Sikio lilikuwa linaniwasha. Nikamrekebishia, kama dobi anayekaza kifungo kilicholegea. Wiki ile paa lilikuwa linavuja, beseni hapo mezani. Nikakwambia hata mvua inatafuta pango, imechoka kulala nje."

"Ukaniambia nayo ilipe kodi." Mdogo wake alicheka, kisha akaacha ghafla. "Na zile tasnifu za sheria, nazo ulikuwa unazitia vina?"

"Acha mzaha."

"Sifanyi mzaha. Ukisema hayo kule, nani ataniletea kazi hapa? Watasema hawa wanabadilisha maneno ya wateja."

"Nisiposema, ananifukuzisha."

"Ushahidi uko wapi?"

"Kwenye daftari lake. Aliliandika kwa mkono wake, akalichukua siku ile ile."

"Atalichoma. Mimi ningelichoma, dada, nisingengoja hata chai ipoe."

Kesho yake asubuhi Mama Taipu alirudi ofisini, akasema yote bila kuketi. Mwalimu alicheka kwanza.

"Mimi nisijue kuhesabu? Si ndiyo ninayowafundisha?"

"Sasa unajua. Wakati ule ulikuwa hujui. Daftari unalo?"

"Ninalo nyumbani."

"Lifungue ukiwa peke yako. Usipokuta 'yapiga milango', nipeleke kokote."

Mwalimu alimkagua kama mtu anayeinua noti kwenye mwanga.

 Siku mbili darasani macho ya Mwalimu yaliruka kiti chake cha karibu na mlango. Mama Taipu naye alimchunga: mkoba aliobeba, umejaa au umelegea? Alipoona moshi nyuma ya jengo la walimu, alikimbia mpaka kiatu kikamtoka. Alikuwa mtunza bustani, anachoma majani.

Ijumaa akaitwa. Daftari la buluu lilikuwa mezani, mgongo wake umegandishwa kwa karatasi ya gundi.

"Ni milango," Mwalimu alisema. "Mingapi?"

"Mingapi nini?"

"Mistari uliyogusa."

"Vipande kumi na kimoja."

Akamsukumia penseli na ile diwani. Mama Taipu alianza kuweka alama, na kila alama Mwalimu aliifuata kwenye daftari, kidole juu ya mwandiko wake, asimwamini hata moja.

"Na huu?"

"Huo ni wako."

"Usinionee huruma."

"Ni wako. Angalia."

Akaangalia. Ulikuwa wake.

Alama zilipofika kumi, penseli ilisimama juu ya ubeti wa mwisho. *Mtu mgeni nyumbani.* Kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo, Mwalimu aliwasomea wanafunzi wapya kipande hicho, halafu akanyamaza kidogo ili kiwaingie. Mama Taipu alimwona amekaza taya. Nikigusa hiki, akawaza, hasaini. Nikikiacha, nimempa mara ya pili.

Akaweka alama.

"Hata hicho?"

"Hata hicho."

Mwalimu alifunua daftari taratibu. *Mtu ni mgeni duniani.* Akagonga meza kwa kidole, silabi moja moja, ikafika kumi. Akagonga tena.

"Nani mwingine anajua?"

"Mdogo wangu tu."

"Miaka kumi na mmoja unanisikia nikisifiwa."

"Nilikuwa nafurahi," alisema Mama Taipu, na ilikuwa kweli.

Mwalimu alivuta shairi la Mama Taipu, akalisaini ukurasa wa mwisho bila kusoma, akamrudishia huku akitazama dirishani. Mama Taipu hakuondoka. Aliikagua saini, akailinganisha na ile ya kwenye barua.

"Mwalimu, hujaweka tarehe."

Akaiweka. Mama Taipu akasubiri wino ukauke.