Upatu wa Vidonge vya Bi Chiku

Bi Chiku hajawahi kumwambia mtu "pole" mikono mitupu. Ukiumwa kichwa, pole yake inakuja na chai ya tangawizi. Ukifiwa, inakuja na sufuria ya wali. Nilipojifungua Mansour, sina mama wala dada katika nchi hii, aliingia chumbani kwangu na ndoo ya maji ya moto, akafunga mlango kwa kisigino, akasema, "Vua nguo, mwanangu. Aibu yako itunze, utaitumia ukirudi kwenu." Akanikanda mpaka arobaini yangu ikaisha, na kila siku alikuwa na jambo la kunichekesha.

Tunapanga nyumba moja hapa Rosettenville, yeye chumba cha mbele, mimi na mume wangu cha nyuma. Kwao Tanga. Umri wake hausemi, ila wajukuu wake wanaompigia simu wameshaota ndevu. Alfajiri anakaanga sambusa na kusukuma chapati, asubuhi anawapelekea mafundi wa magari mtaa wa pili. Pumu anayo tangu utoto, inamshika zaidi baridi ya Julai, na kichupa chake cha kuvuta hakitoki mfukoni. Presha ilimjia ukubwani.

Wanawake wote wa kwetu wanamwita Kijumbe, maana ndiye anayeshika upatu wetu. Wazulu wana stokofela, sisi tuna upatu: tunachanga, mmoja anapokea, wengine wanangoja zamu. Bi Chiku ameshika upatu miaka mingi na hajawahi kumdhulumu mtu. Na siku zote anapokea mwisho. Anasema kijumbe anayejitanguliza ni sawa na mpishi anayekula kabla ya wageni.

Zamani vidonge vyake vya presha alikuwa anachukua kliniki ya serikali, bure. Kisha kibali chake kikaisha muda, na kukifanya upya kukawa ni njoo kesho, njoo kesho. Kisha getini pakaanza kusimama watu wanaodai kitambulisho cha nchi hii kabla hujaingia. Siku waliyomrudisha hakulia. Alifika jikoni, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kukanda unga kwa ngumi.

"Wananiuliza, Gogo, kwenu hakuna hospitali? Nikawaambia, kwanza mimi si gogo. Kwenu gogo ni bibi, kwetu gogo linapasuliwa kuni. Hospitali iko, ila kutoka hapa kwa miguu nitachelewa kidogo."

Tulicheka wote. Nikaona ule unga anaukanda hata baada ya kulainika.

Daktari wa kulipia yupo kona ya pili, na milango yake ya vioo. Bei ya kumwona tu, kabla hajakwambia unaumwa nini, ni chakula cha nyumba. Duka la dawa haliuzi vidonge vile bila cheti cha daktari. Bima ni ya watu wenye mshahara wa benki, na katika nyumba yetu hakuna hata mmoja. Basi Bi Chiku akakaa bila dawa, akila kitunguu saumu kibichi na kusema yuko sawa, na huku akishuka ngazi anashika ukuta.

Aliyeanzisha jambo lenyewe ni Léocadie, fundi cherehani kutoka Bukavu, jirani yetu ng'ambo ya barabara. Yeye ana karatasi za ukimbizi, kliniki wanampokea. Siku moja alikuja na vidonge vichache ndani ya kitambaa.

"Kamata, Mama Chiku. Mi niko na mingi. Siye bote tuko bantu ba presha."

Bi Chiku akavitazama. Nikamwona uso wake unavyofunguka.

"Kama pesa tunachangiana," akasema, "vidonge vitatushindaje?"

Ndivyo ulivyoanza upatu wa vidonge, na vile vya Léocadie hakuvimeza, vikawa vya kwanza kuchangwa. Kila Jumapili jioni wanawake wanaopita geti la kliniki walidondosha vidonge vyao vichache ndani ya kopo la maziwa ya unga, na wasiopita wakapokea kwa zamu. Zuhura, anayeuza mitumba mtaa wa Malvern, ndiye aliyetangulia kupokea. Walifuata wengine. Vilikuwa vidonge vidogo, karibu vyote vyeupe. Vingine vilikuwa na mstari katikati, vingine havina. Hakuna aliyeuliza. Katika upatu, ukishapokea, huulizi noti hii imetoka mfukoni kwa nani. Pesa ni pesa, na presha ni presha.

Bi Chiku alipokea mwisho, kama desturi yake. Jumapili hiyo kopo lilikuwa na vya Léocadie tu. Akameza usiku, akameza tena asubuhi ili kufidia siku alizokosa.

Mimi nilikuwa namnyonyesha Mansour niliposikia jikoni mlio kama wa birika linalotaka kuchemka. Nilimkuta Bi Chiku ameegemea meza kwa mikono miwili, mabega yamepanda, sambusa zinaungua. Alikuwa na kichupa chake mdomoni. Akavuta, akavuta tena, hakuna kitu.

"Zima... moto," akaniambia. Mpaka hapo bado anafikiria mafuta.

Nilizima jiko, nikamfunga Mansour mgongoni, nikapiga kelele barabarani. Kijana wa spaza, kile kiduka cha mtaani, alituletea gari lake. Njiani nilimpigia simu Léocadie. Sikumaliza kueleza, akakata.

Hospitalini mlinzi alinyoosha mkono kuomba kitambulisho. Kisha akamtazama Bi Chiku, midomo imeanza kuwa ya kijivu. Akaacha kuomba, akakimbia kuleta kiti cha magurudumu, akakisukuma mwenyewe huku akipiga mayowe watu wapishe.

Sista wa zamu alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alimvalisha Bi Chiku barakoa ya mvuke wa dawa, akamsikiliza mgongo, akakunja uso. Ule mvuke haukuwa ukimfungua kama inavyotakiwa.

"Gogo, umekunywa dawa gani?" Kiingereza chake alikisema polepole, nami namfasiria.

Bi Chiku akatikisa kichwa.

"Kuna kitu amekunywa," sista akaniambia. "Pumu haigomi hivi bure. Mwambie nikikijua nitajua nimpe nini. Nisipokijua nabahatisha."

Nikamwinamia. "Bi Chiku, mwambie kuhusu vidonge."

Akanishika kifundo cha mkono, akavuta barakoa pembeni. "Usiseme. Watamfutia karatasi... Léocadie. Ana watoto."

"Sasa ufe?"

"Usiseme, mwanangu."

Mansour analia mgongoni, sista ananitazama mimi, Bi Chiku ananitazama mimi. Mkono wake ulikuwa wa baridi na bado una unga kwenye kucha. Na mimi niliyajua yale aliyokuwa akiyaogopa. Mtu ambaye karatasi zake ni za kuomba hujifunza kutotajwa popote. Kumtaja mwenzako hospitalini ni kama kumwonyesha kwa kidole barabarani.

Nilishafungua mdomo, sijui wa kusema nini, pazia likasogezwa. Alikuwa Léocadie, utepe wa kupimia bado uko shingoni, kiatu kimoja kimekatika kamba. Hakumsalimia mtu. Alitoa mkobani pakiti ya dawa, yenye jina lake na la kliniki yake, akaiweka juu ya shuka mbele ya sista.

"Njo hii," akasema. "Mimi njo nilimupa. Ni dawa yangu."

Bi Chiku akafumba macho.

Sista aliisoma ile pakiti, akaita daktari kwa sauti ambayo sijaisahau. Wakaja wawili, wakamchoma sindano, wakabadilisha dawa ya mvuke. Tulisukumwa nje ya pazia. Léocadie alishika rozari, mimi nikasoma sura nilizokumbuka, Mansour akalala katikati yetu. Tulikaa mpaka ule mlio wa birika ukapungua, ukawa mkoromo, ukawa pumzi ya mtu.

Sista alipotoka, Léocadie alisimama kama anayesomewa hukumu.

"Dawa hii ni nzuri kwako," sista akamwambia, nami nafasiria. "Kwa mtu mwenye pumu inaweza kufunga kifua. Umeelewa? Na wewe ukigawa, zako zinaisha kabla ya mwezi, unalala chini wewe."

"Kliniki banaweza kunikatia?"

Sista akavua miwani. "Nani amekwambia nitawaambia? Mimi ni nesi, mama, si polisi." Kisha akageuka kwa pazia, akapaza sauti: "Na wewe Gogo, siku nyingine ukitaka kuficha kitu, ficha pesa!"

Nilipomfasiria, Bi Chiku akasema kwa ile sauti iliyobaki, "Mwambie na mimi si gogo."

Waliporuhusu aondoke, alipewa vidonge vyake mwenyewe na barua ya kwenda nayo kliniki nyingine, ambayo sista alisema haina shida getini.

Jumapili jioni Zuhura alikuja kutoka Malvern. Zamu ilikuwa imerudi kwake. Alikuta kopo liko wazi juu ya meza, limeoshwa.

"Upatu wa vidonge umevunjika," Bi Chiku akamwambia. "Kidogo uniue."

"Aa, Kijumbe! Wewe umepata zako, ndiyo upatu umevunjika? Na mimi niliyengoja?" Zuhura alikuwa anatabasamu, lakini macho hayatoki kwenye kopo. "Sina hata barua ya kujifutia jasho. Wakinirudisha getini?"

Nilijua lile neno lilimpata Bi Chiku, maana hakuna mtu aliyewahi kumwambia amejitanguliza. Alikwenda dirishani, akarudi.

"Kesho asubuhi tunakwenda pamoja. Wakikurudisha, tunarudi wawili, na zangu nazo sichukui."

"Sambusa za mafundi?"

"Mafundi wale mkate."

Niliwafuata, maana Mansour naye alikuwa na chanjo yake. Getini hapakuwa na mtu ila mlinzi anayekula chungwa. Ndani ilikuwa foleni tu, ya wenyeji na wageni, wazee wamebeba viti vyao wenyewe. Zuhura alipopimwa presha, msichana aliyempima aliitazama mashine, akampima mkono wa pili, akamwinua na kumpeleka mbele ya watu wote. Bi Chiku alibaki amemshikia mkoba, anakaa, anasimama.

Kwa nesi Zuhura alitakiwa kutaja kila alichomeza. Mlango ulikuwa wazi kidogo, tukamsikia anavitaja: chenye mstari, kisicho na mstari, kile cha rangi ya waridi alichopewa na dada wa msikitini, na maji ya majani aliyochemshiwa na mume wake. Nesi aliandika mpaka akaacha kuandika, akabaki anamtazama.

Alitoka na pakiti yenye jina lake. Bi Chiku akanyoosha kiganja aione. Zuhura akairudisha nyuma ya mgongo.

"Hizi hazichangwi, Kijumbe."

Benchi zima lilicheka, hata wasiojua Kiswahili.