Vaa Koti Kwanza, Mwalimu

Jumatatu asubuhi mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alinipigia simu kutoka Lushoto kuniambia kwamba Mwalimu wa Koti amefariki. Badala ya kutoa pole nikamuuliza, "Nani kasema?" Akasema, "Kaka, wewe na mama mna ugonjwa mmoja. Yeye naye kauliza hivyo hivyo." Wasomaji wangu wa siku nyingi, mnaonilalamikia kwamba siamini hata utabiri wa hali ya hewa, niruhusuni nieleze kwa nini neno lolote lililomhusu marehemu huyu lilikuwa lazima liulizwe mara mbili. Hakuwa tapeli. Angekuwa tapeli, tungepumzika.

Alikuwa akifundisha kilimo katika chuo cha maendeleo ya wananchi, kimojawapo cha vile vyuo ambako watu wazima walikwenda kujifunza useremala, ushonaji na namna ya kulima mteremkoni bila kuupeleka udongo wote Mombo, chini ya milima. Alivaa koti jeupe lenye jina la chuo lililoshonwa mfukoni kwa uzi wa buluu, na alipopita mabondeni nalo, watu walisimamisha majembe wamsikilize. Hakuna aliyejiuliza anapata nini kwa kusema anayosema, kwa sababu hapakuwa na cha kupata: mshahara ulitoka serikalini, mbegu zilitoka ushirika, na mazao yalirudi huko huko ushirika. Kisha likaja soko huria. Duka la ushirika likafungwa, bwana shamba akapunguzwa kazini, na mkuu wa chuo akarudi kutoka semina na kutangaza kwamba tangu leo walimu ni wawezeshaji, wanafunzi ni washiriki, na kila mmoja atafute namna ya kujikimu. Mwalimu wetu alisikiliza hadi mwisho, akaenda kufungua duka la mbegu na dawa za mimea karibu na soko. Asubuhi chuoni, mchana dukani. Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikilisifu soko huria magazetini kwa nguvu zote za mtu ambaye hajawahi kuuza hata fungu la vitunguu.

Tatizo mnaliona. Asubuhi alifundisha namna ya kupulizia dawa, mchana aliuza dawa ile ile. Siku moja mshiriki mmoja alinyoosha mkono darasani na kuuliza kwa adabu zote, "Samahani mwalimu, hapo unafundisha au unauza?" Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Mtu huyu hakutaka utajiri. Alitaka aendelee kuaminiwa, na aliona jambo hilo linamponyoka mbele ya macho yake. Kesho yake akatangaza utaratibu mpya. "Nikiwa na koti, mimi ni mwalimu," aliwaambia wateja. "Nikiwa sina, ni mwenye duka kama wenye maduka wengine. Msichanganye." Akapigilia msumari ukutani nyuma ya mizani, akalitundika koti hapo. Nadhani alitegemea kuaminiwa walau nusu ya siku. Alichopata ni kwamba kila aliyeingia aliuliza bei, kisha akaelekeza kidole ukutani: "Sasa vaa koti, mwalimu, uniambie kama inafanya kazi." Msemo ukaenea sokoni. Muuza nyama akiapa kwamba mbuzi wake ni wa jana jioni, aliambiwa avae koti kwanza.

Mwaka mmoja nilikuwa likizo nyumbani, mama mdogo akanibebesha mche wa nyanya ulionyauka ungali kijani, twende nao dukani. Nyanya zile ndizo zilikuwa ziwe bati za nyumba yake mpya, ambayo tayari ilikuwa na kuta.

"Shikamoo mama," alisema mwalimu.

"Marahaba. Nyanya zinakufa. Nipe dawa."

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye rafu.

"Ngoja," mama mdogo akasema. "Vaa koti."

Alilishusha koti, akafunga vifungo vyote hadi cha juu kama anayekwenda kupigwa picha. Akakata shina, akaitumbukiza ncha yake kwenye glasi ya maji safi. Tukasubiri. Uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye shina.

"Mama, huu ni mnyauko. Umo kwenye udongo. Hauna dawa."

"Hauna dawa! Na hizo chupa ni za mapambo?"

"Hizo ni za ukungu na wadudu. Nikikuuzia nitakuwa nimekuibia. Ng'oa zote uchome, na usirudishe nyanya wala viazi pale kwa misimu kadhaa. Weka kabichi."

Mama mdogo akanigeukia. "Wewe uliyesoma, umewahi kuona mwenye duka anakataa kuuza?"

Nikajibu, kwa uzito wa shahada yangu, kwamba kinadharia jambo hilo haliwezekani.

"Basi kuna kitu," akasema, na tukatoka. Njiani alikuwa ameshakijua hicho kitu: dawa amewafichia wanunuzi wa kutoka Dar.

Kesho yake aliteremka Mombo, akanunua chupa kwa kijana ambaye hakuwa na koti la aina yoyote na aliyeapa kwa kila kitu. Akapulizia. Shamba likakauka lote, na kuta zile zikanyeshewa mvua za masika. Hapo hadithi ingekwisha vizuri, mwalimu akiwa mkweli na sisi wajinga, lakini haikuishia hapo. Msimu uliofuata alikuja nyumbani kwa mama mdogo akiwa na shati tu, akaomba kukodi bonde lile lile. Akapanda kabichi. Zilistawi hadi malori yakawa yanazifuata barabarani. Kodi aliyolipa ndiyo iliyonunua bati, jambo ambalo mama mdogo hapendi kukumbushwa. "Koti alivaa," huwa anasema, "lakini miguu ilikuwa ya dukani."

Hadi leo sijui. Kabichi zilithibitisha kwamba alisema kweli, na pia kwamba ile kweli ilimlipa. Je, alilitamani bonde siku ile, glasi ikiwa mkononi, au wazo lilimjia baadaye kama linavyomjia mtu yeyote? Nauliza kwa sababu nimezungukwa na watu wa aina yake ambao hawana hata koti. Daktari ananiandikia dawa zinazopatikana kwa shemeji yake. Mwalimu wa mwanangu anaifupisha hesabu darasani ili airefushe kwenye twisheni. Na mwandishi wa safu hii amekula posho za semina kadhaa ambazo siku mbili baadaye aliziandika kuwa zilikuwa na mafanikio makubwa.

Nilipanda kwenda kuzika. Kanisani, mchungaji alipotualika kuaga mwili, foleni ilikwenda polepole kuliko kawaida, na niligundua kwamba kila mtu anaponyoosha shingo kuelekea kwenye jeneza hatazami uso. Mjane alikuwa amemvalisha suti? Shati? Mbele yangu mama mdogo, ambaye tangu Jumatatu alikuwa hajasadiki habari za kifo hicho, alisimama akachungulia. Koti jeupe, limefuliwa na kupigwa pasi, jina la chuo kifuani, vifungo vyote hadi cha juu. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Kavaa," alisema kwa Kishambaa, bila kupunguza sauti. "Basi ni kweli." Na hapo ndipo alipoanza kulia.

Tangu siku hiyo sitafuti tena mshauri asiye na duka. Sidhani kama yupo. Namtafuta aliyepigilia msumari ukutani, ili nilione koti linaposhushwa na linaporudi. Na hata huyo, namuuliza mara mbili.