Sifuri za Mama Nukta

Jina lake la kwenye kitambulisho lilibaki kwenye kitambulisho. Kituo kizima cha utafiti wa mlima kilimwita Mama Nukta, kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya kupima miti na theluji hakupenda kutaja namba ikiwa uchi, bila nukta yake. Ukimuuliza saa, anakujibu saa nne nukta tano, na ni juu yako kutafuta hiyo nusu saa imejificha wapi. Mumewe, fundi cherehani mwenye chumba cha kazi kinachotazama barabara, huwaambia wateja kwamba siku walipokutana tepu ya kupimia ilikuwa shingoni mwake yeye, lakini aliyepimwa pia ni yeye. Mwanamke alimtazama mara moja tu, akamwambia bega lake la kushoto limelizidi la kulia kwa sentimita moja nukta mbili. Fundi alikwenda kujipima nyumbani. Ilikuwa kweli. Akaona heri aoe kuliko kuiacha siri hiyo mikononi mwa mtu baki.

Kila Jumatano, kabla jogoo hajamaliza kusafisha koo, gari la kituo humshusha Mama Nukta kwenye geti la msitu. Anaanza na miti. Iko arobaini, kila mmoja umevishwa mkanda wa bati wenye springi kiunoni, na mti ukinenepa mkanda unasogea na kuonyesha umeongeza nini. Kwenye daftari ni namba tu, ila Mama Nukta ana majina yake. Namba saba ni Shemeji, kwa kuwa amekaa pale miaka yote, haondoki wala hanenepi. Namba thelathini na moja ni Mwenyekiti: mkubwa kuliko wote, na ndani hana kitu. Akimalizana na ukoo huo anapanda tena, msitu unaishia kwenye nyasi, nyasi zinaishia kwenye mawe, hadi anafika kwenye kijiwanja kidogo chini ya kilele. Hapo pana mti mweupe wenye alama za sentimita, umesimikwa kwenye ardhi kupimia kina cha theluji. Anapiga magoti, anasoma, anaandika kwa penseli, maana wino huko juu huganda. Kisha anashuka. Alhamisi miguu inamuuma, Ijumaa anasahau.

Daftari likirudi linapelekwa kwenye ofisi ya takwimu, chumba chenye kompyuta tatu na feni moja ambayo, kwa baridi ya pale, haijulikani iliomba kazi kwa cheti gani. Ofisi hiyo ilikuwa imepata mtaalamu mpya, kijana mrefu mwenye shahada mbili na koti moja. Hakumaliza wiki mbili, watu wakamwita Jedwali, kwa vile hata ukimuuliza kama amekunywa chai anafungua kompyuta kwanza.

Jumatatu moja Jedwali akamwita Mama Nukta, akamsogezea kiti, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Mwenye kukupa kiti kwa heshima namna ile huwa ana neno la kukuumiza, na Mama Nukta, aliyekula chumvi ya kutosha, alikaa nusu ya kiti tu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Miezi minne iliyopita kituo kilifunga mtambo wa kupima theluji pembeni ya ule mti mweupe. Mtambo unaning'inia kwenye nguzo na kutuma mlio kuelekea chini. Mlio unagonga theluji na kurudi. Umeambiwa kwamba pua yake iko mita mbili juu ya ardhi, kwa hiyo mlio ukirudi mapema unajua theluji imeinuka, na unatangaza imeinuka kiasi gani. Kwa wiki kumi na sita mtambo ulikuwa umesema theluji ipo, haipungui sentimita kumi na tatu. Kwa wiki hizohizo Mama Nukta alikuwa ameandika sifuri mara kumi na tano.

Na sifuri katika ofisi ile ilikuwa na sifa mbaya. Wapimaji wa zamani, siku mvua ikiwazuia au tumbo likiwasumbua, walikuwa wakiandika sifuri na kulala tena. Ikawa sheria isiyoandikwa popote: ukiona sifuri, mtu hakwenda.

Jedwali alieleza yote hayo kwa upole, kama daktari anayetafuta mshipa. Ripoti ya hali ya mlima ilitakiwa Ijumaa. Angeziondoa zile sifuri. Na kwa kuwa shaka ikiingia huwa haiji peke yake, madaftari yote ya miaka kumi na tisa yangewekwa kabatini kwanza, hadi yahakikiwe. Kila mtu kituoni alijua kwamba vitu vya kabatini huhakikiwa na panya.

"Kwa hiyo mwanangu, unasema nilikaa nyumbani," Mama Nukta alisema.

"Sisemi hivyo, mama. Data ndiyo inasema."

"Basi iite hapa hiyo data, tusemezane."

Jedwali alicheka, kisha akaona yuko peke yake katika kucheka, akaacha. Mama Nukta akaomba asomewe ile wiki moja isiyo na sifuri. Kijana akatafuta: siku ile yeye aliandika nne, mtambo ukasema kumi na saba. Mama akainuka, akashukuru kwa kiti, akaondoka bila kuaga feni.

Jioni alimsimulia mumewe. Fundi alikuwa na pini nne mdomoni, na hiyo ndiyo siri ya sifa yake mtaani kwamba ni msikilizaji mzuri. Mama alisema yote: sheria ya sifuri, kabati, miaka kumi na tisa. Alisema kwamba kustaafishwa na mashine si tatizo, mashine nayo ina haki ya kupandishwa mlima na kuganda. Lakini kuondoka kazini kama mtu aliyekuwa akipika namba jikoni kwake, hilo hapana. Mjukuu wake anasoma shule moja na watoto wa nusu ya kituo, na maneno kama hayo huwahi darasani kabla ya mwalimu.

Fundi akatoa pini moja moja.

"Hebu rudia hizo namba."

"Mimi sifuri, yeye kumi na tatu. Mimi nne, yeye kumi na saba."

"Huyo amepimwa na viatu," fundi alisema.

Akafafanua. Kuna wateja hawataki kuvua viatu wakipimwa, wengine kwa sababu ya soksi, wengine kwa kiburi. Unawapima, unashona, na suruali zao zote zinatoka ndefu kwa kiasi kilekile. Tepu haina kosa, mkono hauna kosa. Kosa liko pale aliposimama mtu. Anayekisia hawezi kupishana na mtambo kwa kumi na tatu zilezile, leo na siku nyingine. "Huo mtambo wenu kautazame miguu," alimaliza, akarudisha pini mahali pake.

Mama Nukta aliihesabu tofauti kwa vidole mara mbili, na mumewe akaiweka moyoni jioni hiyo pamoja na ushindi wake mwingine, ambao haukuwa mwingi.

Kesho yake alimwendea Jedwali, akamwambia Jumatano data inapanda mlimani, na mwenye kutaka kuihakiki aje na viatu vya maana. Mkuu wa kituo alikubali, akaongeza kwamba aende pia fundi mitambo, kwa kuwa yeye ndiye aliyesimika ile nguzo. Fundi huyo walimwita Spana, mtu mwenye mikono mikubwa na maneno machache.

Safari ile ilimfundisha Jedwali mambo ambayo shahada zote mbili zilikuwa zimemficha. Msituni aliegemea mti kupumua, akaambiwa atoke, asimwegemee Shemeji, atamharibia kipimo. Kwenye nyasi koti lilimwelemea. Kwenye mawe aliuliza imebaki kilomita ngapi.

"Mbili nukta nane," Mama Nukta alijibu.

"Mama, ulisema hivyohivyo nusu saa iliyopita."

"Na nusu saa yote hiyo umekaa."

Walipofika jua lilikuwa limeshapanda vizuri. Palikuwa na changarawe, kavu, rangi ya jivu, kutoka mguu wa mti mweupe hadi kwenye mwamba. Jedwali alisimama, akaizunguka ile nguzo, akainama na kuweka kiganja chini kama mtu anayempima mtoto homa. Mtambo ulikuwa juu yake, taa yake ya kijani inawaka bila aibu. Spana akafungua kifuniko kusoma kioo. Kumi na tatu.

Mama Nukta akatoa tepu ya mumewe mfukoni, ile ndefu ya mapazia, akampa Jedwali upande mmoja aushike kwenye pua ya mtambo, na yeye akaushusha upande wa pili hadi kwenye changarawe. Kisha akamwambia kijana asome mwenyewe, asije akasema amesomewa.

"Mia moja themanini na saba," Jedwali alisoma.

"Na mtambo umeambiwa ngapi?"

"Mia mbili."

Alitoa hesabu kwa midomo bila sauti, mtaalamu mzima, shahada mbili. Kisha akageuka kumtazama Spana. Mama Nukta naye akageuka, mkono kiunoni, tayari kumpa fundi yule dawa yake nukta kwa nukta. Lakini Spana alikuwa anamtazama yeye, tena kwa macho ya mtu anayeomba asaidiwe kusahau.

"Mama," alisema, "si wewe uliyeniambia nichimbe tena?"

Na ilikuwa kweli. Siku ile ya kusimika, Spana alichimba shimo kama mchoro ulivyosema. Mama Nukta, aliyekuwa amekaa pembeni anakula karanga, akamwambia hilo si shimo, hicho ni kishimo. Upepo wa hapa uliwahi kumvua mtu hema akiwa ndani, aongeze. Spana akaongeza. Aliposhuka akajaza fomu ofisini kwa kunakili mchoro, mita mbili kamili, kwa sababu mchoro ulikuwa mezani na nguzo ilikuwa mlimani.

Mama Nukta aliutoa mkono kiunoni. Akatafuta neno la kumtetea mtu, akagundua anayetafuta kumtetea ni yeye mwenyewe, akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini kwenye changarawe, na Spana, ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake yote, akayaonyesha.

"Niandikie kwenye ripoti," Mama Nukta alisema akijifuta macho. "Mpimaji ndiye aliyetoa ushauri. Sentimita kumi na tatu, kosa lake."

Jedwali alicheka kidogo, lakini macho yalikuwa bado chini.

"Mama, zote kumi na tano palikuwa hivi?"

"Zote. Nilipoanza kazi, miezi kama hii, nilikuwa nikipiga magoti hapa theluji inanifika kiunoni. Mwaka hadi mwaka ikapungua." Alichota changarawe, akaiacha imwagike. "Mimi sikukaa nyumbani, mwanangu. Aliyeondoka ni theluji."

Kijana akatoa simu kupiga picha ile ardhi tupu, akapiga ya pili, kisha akaomba ile penseli. Ile ya kumi na sita aliiandika yeye kwenye daftari, na ilikuwa sifuri.

Alhamisi waliumwa miguu wote watatu. Ijumaa ripoti ilitoka. Sentensi ambayo Jedwali alikuwa ameshaiandika kwa kuuamini mtambo, kwamba theluji ya msimu huu imetulia vizuri ilifutwa, na badala yake zikasimama sifuri kumi na sita, zimepangwa, kila moja na tarehe yake. Mtambo ulielezwa ukweli kuhusu urefu wake. Madaftari ya miaka kumi na tisa nayo hayakwenda kabatini. Jedwali aliyarundika mezani ayaingize kwenye kompyuta, Jumatano mia tisa na ishirini na moja. Alichohitaji ni sahihi tu, kwenye karatasi inayosema vipimo vyote hivi vilichukuliwa na mpimaji kwa macho yake.

Mama Nukta alishika kalamu. Akaisoma karatasi, akairudia. Kisha akaiweka kalamu chini na kuvuta daftari la mwaka wa kumi na moja, akalifungua bila kupapasa, kama mtu anayefungua mlango wa kwake gizani.

"Hii hapa," alisema. "Theluji ishirini na moja nukta nne. Sikwenda."

Jedwali alidhani ni utani. Akatazama kioo, akasema namba hiyo inalingana vizuri kabisa na ya wiki iliyotangulia na ya wiki iliyofuata.

"Ndiyo maana hukuiona. Binti yangu alikuwa anajifungua siku hiyo. Niliiandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Futa."

"Ni moja tu, mama, kati ya mia tisa. Hakuna atakayejua."

"Tumeshakuwa wawili."

Kijana akafuta. Kisha, vidole vikiwa hewani, akauliza kwa adabu pale aweke nini. Sifuri?

"Usithubutu," alisema Mama Nukta. "Sifuri watu wameipandia mlima. Hapo acha wazi."

Akapaacha wazi. Mama aliinama akakikagua kile kisanduku cheupe, hakina namba wala nukta, hadi akaridhika. Kwenye karatasi akakata mia tisa na ishirini na moja, akaandika mia tisa na ishirini, akatia sahihi.