Kioo Kimoja, Kansa Mbili

Hapa kwetu jamaa wa mgonjwa ndio matarishi. Nilitoka Thika na kipande cha pafu la baba kikiwa kimebanwa kati ya vioo viwili vyembamba, nimekifunga kwa leso ndani ya mkoba, kando ya ndizi. Daktari wa maabara wa Thika alikuwa amesema ni kansa ya mapafu ya aina ya tezi. Daktari wa matibabu hakuridhika: kuna dawa inayosaidia aina hiyo, lakini kama ni ile nyingine, ya magamba, dawa hiyohiyo ingeweza kumfanya baba akohoe damu. Akataka jicho la pili.

Jicho la pili lilikuwa Ruiru. Kabla hajagusa darubini, daktari wa huko aliniuliza, "Thika walisema ni gani?" Nikamwambia, mjinga mimi. Akachungulia kama mtu anayeangalia ikiwa chai imechemka. "Ni hiyo hiyo," akasema. Huyo ndiye bingwa, mwenye cheti ukutani. Kasuku angeifanya kazi hiyo kwa malipo ya njugu.

Nilipandwa na hasira. Ruiru walikuwa wamebandika namba yao juu ya ile ya Thika, basi nikamtuma dada yangu akirudishe kioo kilekile kwa daktari yuleyule wa kwanza, kama cha mgonjwa mgeni. Safari hii alisema ni kansa ya magamba.

Nikaenda mwenyewe kumweleza alichofanya. Hakuona haya.

"Kipande ni kidogo, madam. Hata sisi wenyewe hatukubaliani kila wakati. Kuna rangi za kupaka, hizo ndizo hutenganisha aina."

"Mbona hukuzipaka?"

"Hakuna mtu aliziitisha."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyu alikuwa na kipara.

Dawa ikangoja rangi. Nyumbani Murera, baba alikuwa anaota jua, blanketi magotini.

"Sasa wamekubaliana, mami?"

"Bado. Wanapaka rangi."

Alikohoa, akafuta mdomo. "Waambie wasijisumbue. Mwenye haraka ni mimi tu."

Simu ya daktari wa Thika ilinipata mochari, nimeshika suti ya baba. Alikuwa mchangamfu. Ni ya tezi, akasema, na sasa hana shaka hata kidogo. Tunaweza kuanza dawa.